Kabla Hujaitoa Peni 50: Mwongozo wa Sarafu za Kumbukumbu za Uingereza

Karibu kila anayeishi Uingereza ana kopo la chenji mahali fulani. Waliokwisha kurudi Afrika Mashariki nao wamebaki na lao, maana maduka ya kubadilisha fedha hupokea noti za pauni na kukataa sarafu. Ndani ya kopo hilo huenda mna peni 50 ambayo mkusanyaji atailipia zaidi ya pauni 100. Kwa kawaida hamna. Lakini si ajabu mkawa na mbili tatu za kukuongezea pauni chache juu ya thamani iliyoandikwa, na pesa hizo hupotea kila siku kwenye mashine za kulipia maegesho.

Mwongozo huu unakufundisha kuzitenga, kuzitambua na kuzipatia bei. Shika kanuni moja tangu mwanzo: bei ya sarafu ni ile ambayo mtu amekwisha kuilipa, si ile ambayo muuzaji anaitamani. Hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya kanuni hiyo.

## Kwanza elewa: kwa nini sarafu moja iishinde nyingine?

Sarafu ya kumbukumbu ni pesa halali iliyobadilishwa picha ili kuadhimisha tukio, mtu au taasisi. Wakenya wanaikumbuka shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa uhuru ulipotimiza miaka 40. Nchini Uingereza sarafu hizi hutengenezwa na Royal Mint, kiwanda cha serikali kilichoko Llantrisant, Wales. Nyingi ni za peni 50, ile yenye pande saba, na za pauni 2, ile yenye rangi mbili.

Mambo matatu hupandisha bei:

1. Idadi iliyotolewa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Peni 50 yenye sungura Peter Rabbit ya mwaka 2017 ilitolewa karibu milioni 20. Peter Rabbit wa mwaka 2018 alitolewa milioni 1.4 tu. Kwa haraka haraka utadhani ni sungura yuleyule, lakini wakusanyaji wanamtafuta wa 2018 na kumpita wa 2017.

2. Hali yake. Sarafu iliyozunguka madukani miaka kumi haiwezi kupata bei ya ile iliyotunzwa ndani ya kasha tangu ilipotoka kiwandani.

3. Watu wanaoitaka. Sarafu inaweza kuwa adimu na isiwe na mnunuzi. Nyingine zimetolewa kwa wingi lakini zinapendwa na watoto na wazazi wao, hivyo hupata wanunuzi haraka.

Uzito wa tukio haumo katika orodha hiyo. Pauni 2 ya mwaka 2007 inaadhimisha miaka 200 ya sheria ya Uingereza ya kupiga marufuku biashara ya watumwa. Mwaka 1807 umeandikwa juu yake kwa mnyororo uliokatika mahali pa sifuri. Kwa msomaji wa pwani yetu ni sarafu ya kuhifadhiwa, lakini zilitolewa zaidi ya milioni 8, kwa hiyo ihifadhi kwa maana yake wala usitarajie faida. Umri nao haumo: sarafu ya 2023 inaweza kuishinda ya 1973.

## Vifaa vya kazi

Huhitaji duka la vifaa. Andaa:

- meza yenye mwanga mzuri na kitambaa laini cha kutandika;
- kioo cha kukuzia, au kamera ya simu iliyovutwa karibu;
- mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu;
- rula yenye milimita;
- karatasi na kalamu;
- bahasha ndogo za karatasi kwa sarafu utakazozitenga.

Nawa mikono na uikaushe. Kila sarafu ishike ukingoni, usiiguse usoni.

## Hatua nane za ukaguzi

Hatua ya 1: Tenga kwa thamani. Weka pembeni peni 50 zote, pauni 2 zote, peni 10 na peni 20. Peni 1 na peni 5 usizipotezee muda. Kwa peni 10, tafuta zile zenye herufi kubwa ya alfabeti: mwaka 2018 na 2019 zilitolewa za aina 26, kuanzia A hadi Z, kila moja ikiwa na picha ya jambo la Uingereza linaloanza na herufi hiyo.

Hatua ya 2: Hakikisha nchi. Katika chenji ya Uingereza huingia sarafu za Isle of Man, Jersey, Guernsey na Gibraltar. Umbo na ukubwa ni uleule, na jina la kisiwa au eneo limeandikwa ukingoni mwa picha. Hizo si pesa halali kwenye maduka ya Uingereza, ingawa baadhi zina wakusanyaji wake. Ziweke kwenye fungu lao.

Hatua ya 3: Soma upande wa kichwa. Watu wengi hukimbilia picha ya nyuma na kusahau upande huu, nao ndio unaofichua uongo. Chini ya shingo kuna herufi ndogo za msanii:

- IRB: Malkia Elizabeth II aliyechorwa na Ian Rank-Broadley, 1998 hadi 2015.
- JC: Malkia aliyechorwa na Jody Clark, kuanzia 2015.
- MJ: Mfalme Charles III aliyechorwa na Martin Jennings, kuanzia 2022. Hana taji, naye anatazama kushoto, ilhali mama yake alitazama kulia.

Hatua ya 4: Tafuta mwaka, pande zote mbili. Mwaka wa sarafu unaweza kuwa mbele au nyuma. Usiuchanganye na miaka ya tukio linaloadhimishwa. Andika kwenye karatasi: thamani, mwaka, herufi za msanii, picha.

Hatua ya 5: Tafuta idadi iliyotolewa. Royal Mint hutangaza idadi ya sarafu zilizoingia kwenye mzunguko. Linganisha picha na mwaka pamoja, usilinganishe picha peke yake. Kipimo cha kuanzia kwa peni 50 ni hiki:

- chini ya 500,000: adimu kweli, simama hapo;
- kati ya 500,000 na milioni 2: inafaa kutengwa;
- juu ya milioni 5: itumie, isipokuwa unaipenda.

Zinazoangukia kati ya milioni 2 na 5, ziache ziamuliwe na hali na wanunuzi.

Hatua ya 6: Pima hali. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Je, nywele za Malkia zinaonekana mojamoja au zimelainika? Pembe za peni 50 zimegongwagongwa? Kuna michubuko kwenye eneo tupu la uso? Sarafu yenye herufi zilizofifia bado inaweza kuuzika ikiwa ni adimu, ila kwa bei ya chini.

Hatua ya 7: Pima uzito na upana. Hatua hii ni ya sarafu unayoona ina bei kubwa. Peni 50 ya sasa ina gramu 8 na upana wa milimita 27.3. Pauni 2 yenye rangi mbili ina gramu 12 na milimita 28.4. Tofauti ndogo sana inaweza kuletwa na uchakavu au na mizani yenyewe. Tofauti ya nusu gramu ni sababu ya kutilia shaka.

Hatua ya 8: Tafuta bei zilizolipwa. Hatua hii tumeipa sehemu yake hapa chini, maana ndipo wengi wanapopotea.

## KISANDUKU: Sarafu za kutafuta

Peni 50, bustani ya Kew, 2009. Picha ni mnara mrefu wa ghorofa wa mtindo wa Kichina uliozungukwa na mmea unaotambaa, pamoja na neno KEW na miaka 1759 na 2009. Zilitolewa 210,000. Nzuri huuzwa kwa zaidi ya pauni 100.

Peni 50, samaki aina ya samoni, 2023. Ina kichwa cha Mfalme Charles III. Hii ni sarafu ya kawaida ya utawala mpya na haiadhimishi tukio, lakini zilitolewa 200,000, pungufu hata ya Kew.

Peni 50 za Olimpiki ya London, mwaka 2011. Kuna picha 29. Adimu kuliko zote ni ya mpira wa miguu, inayoeleza kwa mchoro sheria ya kuotea: 1,125,500. Zinafuata mieleka (1,129,500), judo (1,161,500) na triathloni (1,163,500).

Peni 50, Peter Rabbit na Flopsy Bunny, 2018. Milioni 1.4 kila moja.

Peni 50, Isaac Newton, 2017. Milioni 1.8.

Pauni 2, Michezo ya Jumuiya ya Madola, 2002. Zipo nne, zinazotofautiana kwa bendera ndogo iliyo nyuma ya mwanariadha. Ireland ya Kaskazini zilitolewa 485,500, Wales 588,500, England 650,500 na Scotland 771,750. Bendera haina rangi, kwa hiyo tumia kioo: Wales ina joka, Scotland msalaba wa mshazari, England msalaba wa wima, na Ireland ya Kaskazini msalaba wenye alama katikati.

Peni 20 isiyo na mwaka. Hii ni kosa la kiwanda. Picha za nyuma zilipobadilishwa mwaka 2008, mwaka ulihamishiwa upande wa kichwa, lakini baadhi ya sarafu zilipigwa kwa kichwa cha zamani na nyuma mpya. Zikatoka bila mwaka popote. Huuzwa kwa makumi ya pauni. Geuza pande zote mbili kabla hujashangilia.

## Kupata bei ya kweli

Mtandaoni utakuta peni 50 ya Peter Rabbit imetangazwa kwa maelfu ya pauni. Tangazo ni ombi tu, na mtu yeyote anaweza kuomba chochote. Matangazo hayohayo hupigwa picha, yakapelekwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kufikia jioni yamekuwa habari. Fanya hivi badala yake:

1. Kwenye tovuti ya mnada kama eBay, andika jina la sarafu na mwaka wake, kisha chagua kuonyeshwa vitu vilivyokwisha kuuzwa tu.
2. Ondoa zile zilizo ndani ya kasha au kadi ya kiwandani. Hizo hazijapita mkononi mwa mtu, yako imepita.
3. Ondoa zilizouzwa kwa fungu na zile zenye rangi za kubandika.
4. Andika bei kumi za karibuni za sarafu zenye hali kama ya yako.
5. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyo katikati (zikiwa kumi, jumlisha ya tano na ya sita, ugawe kwa mbili). Usichukue wastani. Tuseme umepata pauni 9, 10, 11, 12 na 450. Ya katikati ni 11. Wastani ungekuambia karibu 98, kwa sababu ya mauzo moja ambayo huenda hata hayakulipwa.
6. Toa gharama zako: bahasha, posta yenye namba ya ufuatiliaji, na makato ya tovuti kama yapo. Kinachobaki ndicho chako.

Ukimpelekea mfanyabiashara wa sarafu, atakupa chini ya hapo, kwa sababu naye lazima auze kwa faida. Hilo si wizi. Ukiwa na sarafu moja ya pauni 8, uza mwenyewe. Ukiwa na Kew, nenda kwa mfanyabiashara aliye mwanachama wa chama cha wauza sarafu, British Numismatic Trade Association, akuthibitishie kwanza kwamba ni ya kweli.

## KISANDUKU: Mitego inayowanasa wengi

Kew ya 2019. Picha ya mnara ilitolewa tena mwaka 2019 kwa wakusanyaji. Upande wa mnara bado unasomeka 1759 na 2009, lakini upande wa Malkia una mwaka 2019 na herufi JC. Ile ya awali ina herufi IRB.

Kew bandia. Zipo nyingi, kwa kuwa bei ya ile halisi inashawishi. Dalili zake ni uzito usiofika, ghorofa za mnara zilizofifia wakati ukingo ni mpya, na rangi isiyofanana na peni 50 nyingine ukiziweka pamoja. Ukiuziwa Kew kwa pauni 30, jiulize kwa nini muuzaji anatupa pesa zake.

“New Pence” ya peni 2. Utasikia kwamba peni 2 yenye maneno NEW PENCE ni mali. Peni 2 zote za 1971 hadi 1981 zina maneno hayo, nazo thamani yake ni peni 2. Inayotafutwa ni ya mwaka 1983 pekee, nayo ilitokea kwa makosa ndani ya seti za wakusanyaji.

Malkia mwenye mkufu. Pauni 2 ya mwaka 1997 inamwonyesha Malkia akiwa na mkufu shingoni. Uvumi unasema ni adimu. Zilitolewa zaidi ya milioni 13.

Maandishi ya ukingoni yaliyopinduka. Ukingo wa pauni 2 una maneno, na ukiiweka kichwa juu maneno yanaweza kusomeka sawa au chini juu. Mashine haichagui upande, kwa hiyo hilo si kosa la kiwanda.

Waogeleaji wa Olimpiki. Peni 50 ya kuogelea yenye mistari ya maji juu ya uso wa mwogeleaji ni adimu mno. Mchoro ulirekebishwa mapema, na karibu zote zilizo mikononi mwa watu zina uso safi. Uso ukiwa safi, unayo ya kawaida.

Sarafu ya Brexit. Peni 50 yenye tarehe 31 Januari 2020 ilitolewa kama milioni 10. Kelele zilikuwa nyingi, na sarafu pia.

Pauni 5. Hizi ni sarafu kubwa za zawadi. Ni pesa halali kwa jina, lakini duka na benki hazilazimiki kuzipokea. Usikubali kulipwa deni kwa pauni 5.

Zilizoondolewa. Peni 50 kubwa za zamani ziliacha kuwa pesa halali mwaka 1998, na pauni 1 ya mviringo mwaka 2017. Duka halizipokei.

## Usisafishe

Kosa hili huua bei kuliko mengine yote, na hufanywa kwa nia njema. Uso wa sarafu una ngozi nyembamba inayong'aa kwa namna ya pekee tangu siku ilipopigwa kiwandani. Ndimu, siki, magadi, dawa ya meno na brashi huitoa ngozi hiyo na kuacha mikwaruzo midogo. Kwa macho yako sarafu itaonekana mpya. Mkusanyaji ataiinamisha kwenye mwanga na kuiona mikwaruzo papo hapo.

Ikiwa ina tope, iloweke kwenye maji safi yasiyo ya moto, itoe, na uiguse kwa kitambaa laini bila kusugua. Kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na unyevu. Epuka mifuko ya plastiki laini, kwani baadhi huacha utando wa kijani.

## Kuuza bila kuibiwa

1. Piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana, pamoja na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani.
2. Taja mwaka, hali na kasoro zote kwa maneno ya wazi. Kasoro uliyoificha itarudi na mzigo wako.
3. Usitume kabla pesa hazijaingia kwenye akaunti yako. Picha ya muamala kwenye simu ya mnunuzi si malipo.
4. Tuma kwa posta yenye namba ya ufuatiliaji, na utunze risiti.
5. Mkikutana ana kwa ana, kutaneni mahali penye watu, mchana.

Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala: usiitume sarafu moja kwa barua ya kawaida. Fanya ukaguzi nyumbani, piga picha, pata bei, kisha mpe ndugu anayesafiri kwenda Uingereza sarafu zilizofaulu pamoja na chenji ya kawaida. Adimu atauza kwa niaba yako. Za kawaida atazitumia dukani na kukurudishia kwa njia ya simu. Mwandikie orodha, msije mkagombana.

## Orodha ya ukaguzi

Chukua kila sarafu uliyoitenga na uipitishe hapa:

- [ ] Ni ya Uingereza, si ya Isle of Man, Jersey, Guernsey wala Gibraltar.
- [ ] Nimesoma mwaka na herufi za msanii pande zote mbili.
- [ ] Nimelinganisha picha na mwaka na idadi iliyotolewa.
- [ ] Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia.
- [ ] Ikiwa ni ya bei kubwa, nimeipima uzito na upana.
- [ ] Sijaisafisha.
- [ ] Nimeandika bei kumi zilizolipwa na kuchukua ya katikati.
- [ ] Nimetoa gharama, na kilichobaki kinazidi thamani iliyoandikwa.

Ikifaulu yote, iweke kwenye bahasha na uandike juu yake jina, mwaka na bei uliyoipata pamoja na tarehe, maana bei hubadilika. Ikishindwa, hujapoteza kitu: peni 50 halali bado inanunua bidhaa ya peni 50. Itumie, upewe chenji nyingine, na uikague hiyo pia.